Siku 35 Zisizo na Mwenyewe: Serikali ya Marekani Ilivyofungwa, Kila Mtu Akanawa Mikono

Tarehe 11 Desemba 2018, ndani ya ofisi ya Rais jijini Washington, kamera zikiwa zinawaka, Donald Trump aliwageukia wageni wake wawili, Nancy Pelosi na Chuck Schumer, viongozi wa chama cha Democratic katika mabaraza mawili ya Bunge, akatamka maneno ambayo mwanasiasa mzoefu hayatamki hata usingizini. Alisema ataona fahari kuifunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka. Mzigo huo ataubeba yeye, yeye ndiye atakayefunga, na wao hatawalaumu. Makamu wake, Mike Pence, alikaa kwenye kiti cha pembeni, kimya kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Siku kumi baadaye, tarehe 21, Rais yuleyule aliandika kwenye Twitter kwamba kufungwa kwa serikali sasa ni mali ya Wademokrati. Usiku huo, saa sita ilipotimia, idara kadhaa za serikali hiyo ziliishiwa fedha za kufanyia kazi. Zilikaa hivyo kwa siku 35, hadi tarehe 25 Januari 2019.

Nimekirudia kisa hiki kwa sababu moja. Kila chama kilikuwa na hoja ya maana kuhusu serikali ni ya kazi gani, na hoja hizo hazikuchangia chochote katika namna ugomvi ulivyoisha. Uliishia mahali pengine kabisa, kwa watu ambao hakuna aliyewapigia kura.

Ukuta na bei yake

Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta kwenye mpaka na Mexico. Kwenye kampeni za 2016 alikuwa akiuliza umati nani atalipa, na umati ukiitikia kwa sauti moja: Mexico! Mexico haikulipa, na hesabu ikarudi mezani kwa mlipakodi wa Marekani.

Upande wa Trump ulishikilia kwamba kulinda mpaka ndiyo kazi ya kwanza ya serikali yoyote, na ikishindwa hiyo, mengine yote ni mapambo. Wademokrati walijibu kwamba ukuta ni dawa ya kizamani na ya bei mbaya, kwamba mihadarati mikali inayokamatwa huwa inapitishwa kwa wingi kwenye vituo halali vya forodha, imefichwa ndani ya magari, na kwamba mtu anayekimbia mauaji Honduras hazuiwi na chuma. Pelosi alifika mbali zaidi, akasema ukuta ni jambo lisilo na maadili.

Hoja hizo mbili zingeweza kujadiliwa na watu wazima. Lakini rekodi ya pande zote inatia shaka. Mwaka 2006 Schumer huyohuyo, pamoja na Barack Obama na Hillary Clinton, walipiga kura ya ndiyo kwa sheria ya kujenga uzio wa maili 700 hivi kwenye mpaka huohuo. Februari 2018 muswada wa maseneta wa vyama vyote viwili uliotenga dola bilioni 25 za usalama wa mpaka, kwa kubadilishana na ulinzi wa vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila hati, ulipata kura 54 katika Seneti. Ulihitaji 60, maana kanuni za Seneti hudai kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Ikulu ndiyo iliyoupiga vita, kwa sababu haukupunguza uhamiaji halali kama Rais alivyotaka. Kwa hiyo Desemba ile, Rais aliyekataa bilioni 25 alikuwa tayari kufunga ofisi kwa ajili ya 5.7, na wapinzani waliokuwa tayari kutoa 25 waliona 5.7 ni dhambi. Msimamo ulikuwa na bei, na bei ilikuwa inapanda na kushuka kama ya vitunguu.

Kilichobadilika katikati ni uchaguzi wa Novemba 2018. Democratic walinyakua viti 40 vya nyongeza katika Baraza la Wawakilishi, na tarehe 3 Januari wangekabidhiwa baraza hilo. Trump alijua mlango unafungwa. Tarehe 19 Desemba Seneti, iliyokuwa chini ya chama chake mwenyewe cha Republican, ilipitisha kwa kauli moja, bila hata kuhesabu kura, muswada wa kuendeleza matumizi hadi Februari bila fedha za ukuta. Ilionekana yamekwisha. Kisha watangazaji wa redio na runinga wa mrengo wa kulia wakaanza kumsema kwamba amenywea, na kesho yake Rais akageuka. Baraza la Wawakilishi likachomeka zile bilioni 5.7, Seneti haikuwa na kura 60 za kuzikubali, na wabunge wakaenda kula Krismasi.

Ufunguo wa duka

Msomaji wa Nairobi au Dodoma ana haki ya kuuliza: inakuwaje serikali ifungwe kwa sababu bajeti imechelewa? Kwetu hilo halipo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, yaani wote warudi kwa wananchi. Katiba ya Kenya, ibara ya 222, inaliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha kutolewa kwa hadi nusu ya makadirio ya mwaka ikiwa sheria ya matumizi haijawa tayari. Njia moja inamaliza ubishi kwa uchaguzi, nyingine inanunua muda. Marekani haina hata moja kati ya hizo. Rais ana muhula wake, wabunge wana mihula yao, na hakuna anayeweza kumpeleka mwenzake kwa wapiga kura kabla ya tarehe.

Hata hivyo, kufunga ofisi si jambo lililoandikwa kwenye katiba yao. Katiba inasema tu kwamba fedha haitoki Hazina bila sheria ya matumizi. Kuna pia sheria yenye mizizi katika karne ya 19 inayokataza ofisa kutumia asichopewa na Bunge, au kupokea kazi ya kujitolea. Kwa miaka mingi bajeti ilipochelewa, ofisi ziliendelea kufanya kazi kwa kubana matumizi, kwa imani kwamba fedha zinakuja. Mambo yalibadilika tarehe 25 Aprili 1980, pale Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter, Benjamin Civiletti, alipotoa maoni kwamba sheria ile isomwe kama ilivyoandikwa: hakuna fedha, hakuna kazi. Siku chache baadaye Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikafungwa kwa siku moja. Januari 1981 Civiletti aliongeza tafsiri ya pili, akiruhusu kazi zinazogusa usalama wa maisha ya watu na mali ziendelee.

Miaka karibu 40 baadaye, akiwa mzee, Civiletti aliliambia gazeti la Washington Post kwamba hakuwahi kufikiria tafsiri yake ingegeuzwa silaha ya kisiasa ya muda mrefu namna ile. Namwamini. Alitaka kuwabana wakurugenzi wasitumie fedha ya umma bila idhini, jambo la uwajibikaji hasa. Badala yake alitengeneza ufunguo wa duka, akauacha juu ya meza yenye watu wawili wanaochukiana.

Na watu hao waliutumia. Rais Bill Clinton na Newt Gingrich, Spika wa Republican, walivutana kwa siku 5 na kisha 21, mwaka 1995 hadi 1996, kuhusu ukubwa wa serikali na bima ya wazee. Warepublican walifunga kwa siku 16 mwaka 2013 wakitaka kuizuia sheria ya bima ya afya ya Obama. Januari 2018 walikuwa Wademokrati waliogoma, siku tatu, kwa ajili ya wale vijana wasio na hati. Nani ni mwenye hatia basi? Inategemea unaanza kuhesabu wapi.

Nani alifungiwa

Idara 9 kati ya 15 zenye hadhi ya wizara zilikosa fedha. Wizara ya Ulinzi ilikuwa imekwisha pata zake, kwa hiyo wanajeshi walilipwa. Lakini walinzi wa pwani, ambao ni jeshi kamili, wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Tarehe 15 Januari zaidi ya askari 40,000 wa pwani walikosa mshahara, na mkuu wao, Admirali Karl Schultz, akasema ni mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo wanajeshi kukosa malipo kwa sababu ya pengo la bajeti.

Kwa jumla watumishi 800,000 hivi walikumbwa. Takriban 380,000 waliambiwa wakae nyumbani. Waliobaki, zaidi ya 400,000, waliambiwa waje kazini bila malipo: wakaguzi wa mizigo viwanja vya ndege, walinzi wa magereza, maofisa wa FBI, na, cha kuchekesha kama si cha kusikitisha, askari wa doria ya mpaka wenyewe. Ugomvi wa kulinda mpaka uliwanyima mshahara wanaoulinda.

Si hilo tu. Mahakama za uhamiaji zilifutiwa makumi ya maelfu ya mashauri, na mtu aliyesubiri miaka miwili kusikilizwa akarudishwa nyuma ya foleni. Mfumo wa kompyuta ambao waajiri huutumia kuhakiki kama mfanyakazi ana kibali cha kufanya kazi ulizimwa. Kama ungekuwa na nia ya kuwasaidia wahamiaji wasio na karatasi, usingebuni njia bora. Kwa upande wa pili, aliyekuwa anangoja viza pale ubalozini Dar es Salaam au Nairobi huenda hakuona tofauti yoyote, maana huduma hizo hujilipia kwa ada za waombaji. Serikali inayokutoza papo kwa papo haifungwi.

Tarehe 11 Januari ndiyo siku iliyouma. Watumishi walifungua karatasi zao za mshahara wakakuta sifuri, na wengi walizipiga picha wakazisambaza. Jijini Washington, mpishi maarufu José Andrés alifungua jiko la chakula cha bure kwenye barabara ya Pennsylvania, katikati ya Ikulu na Bunge, na foleni ilikuwa ya watu wenye vitambulisho vya serikali shingoni. Alipoulizwa kuhusu watumishi wanaopanga foleni kwenye vituo vya chakula cha msaada, Waziri wa Biashara, Wilbur Ross, mtu tajiri sana, alisema haelewi vizuri kwa nini wafanye hivyo wakati wanaweza kukopa benki. Kauli hiyo ilimchafulia siku, na ilistahili.

Uchungu wa kuonyeshwa na uchungu wa kufichwa

Sehemu hii husimuliwa mara chache, nami naiona ndiyo yenye somo la kweli kuhusu namna vyama hivi vinavyoitazama serikali.

Mwaka 2013, chini ya Obama, hifadhi za taifa zilifungwa kabisa. Uzio uliwekwa hata kwenye uwanja wa wazi wa kumbukumbu ya Vita vya Pili vya Dunia, na wazee waliopigana vita hivyo walipofika kuutembelea, wabunge wa Republican walikuja kuusogeza mbele ya kamera. Walimshutumu Obama kwamba anawaumiza raia makusudi ili chama chao kilaumiwe. Shutuma hiyo haikuwa uongo mtupu. Serikali inapofungwa, anayeshika madaraka huwa na nafasi ya kuchagua kidonda kipi kionekane.

Mwaka 2018 watu wa Trump walichagua kinyume: kidonda kifichwe. Hifadhi ziliachwa wazi bila walinzi. Vyoo vilifurika, takataka zikarundikana, na kule Joshua Tree, California, magari yalichora njia mpya jangwani na miti iliyoipa hifadhi jina lake ikaharibiwa. Wizara inayosimamia hifadhi ilichota fedha za viingilio, zilizotengwa kwa kazi nyingine, kulipia usafi. Mamlaka ya kodi, ambayo kwa mazoea haikuwa ikirudisha kodi ya ziada wakati wa kufungwa, iliambiwa na Ikulu irudishe, na maelfu ya watumishi wakaitwa kazini bila malipo kufanya hivyo. Posho za chakula za Februari kwa familia maskini zililipwa mapema, ndani ya Januari.

Hili ndilo ungamo ambalo hakuna hotuba iliyolitoa. Tangu Ronald Reagan asimame siku ya kuapishwa kwake Januari 1981 na kusema kwamba katika mgogoro ule serikali si suluhisho bali ndiyo tatizo, Warepublican wamelirithi neno hilo kama wosia. Lakini walipopata nafasi ya kuonyesha nchi inavyokwenda bila serikali, walifanya kila hila nchi isione. Kama serikali ndilo tatizo, kwa nini kukimbilia kurudisha kodi, kulipa posho, kuacha mageti wazi? Kwa sababu walijua mpiga kura wao naye ana bibi anayetegemea posho. Na Wademokrati nao, wanaohubiri kwamba serikali ni mkono wa mnyonge, walijua kila siku ya ziada ya maumivu inamchafua Rais, na hawakuwa na haraka iliyopitiliza. Walipitisha miswada ya kufungua ofisi tangu tarehe 3 Januari, hilo ni kweli. Lakini hawakuongeza dola hata moja ya ukuta kutafuta njia ya kati, ingawa walishawahi kukubali nyingi zaidi.

Septemba 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilisema wazi kwamba matumizi yale ya fedha za viingilio vya hifadhi yalivunja sheria. Nini kilifuata? Hakuna. Sheria ile ya karne ya 19 ina adhabu ya jinai ndani yake, ila haijawahi kumfunga mtu. Wizara ilisema haikubaliani na mkaguzi, na jalada likafungwa.

Kutupiana mpira

Wakati huohuo viongozi walikuwa na mchezo wao. Tarehe 9 Januari Trump alimuuliza Pelosi mezani kama angekubali ukuta serikali ikifunguliwa, akaambiwa hapana, akasema kwa heri akatoka. Tarehe 16 Pelosi, sasa akiwa Spika, akamwandikia kwamba hotuba yake ya mwaka bungeni, iliyopangwa tarehe 29, iahirishwe kwa sababu walinzi hawalipwi. Kesho yake Trump akamfutia ndege ya jeshi iliyokuwa impeleke ziarani Brussels na Afghanistan, muda mfupi kabla ya safari. Watoto wa darasa la tatu wana haya kuliko hivyo.

Aliyekuwa na ufunguo mfukoni ni mtu wa tatu, Mitch McConnell, kiongozi wa Seneti. Alikuwa amepitisha muswada wa kuendeleza matumizi tarehe 19 Desemba bila pingamizi. Baraza jipya lilipomletea miswada ya namna hiyohiyo, alisema hataweka mezani chochote ambacho Rais hatasaini. Angeweza kuiweka, ikapita, Rais akaikataa, na nchi ikaona nani kakataa. Hilo ndilo hasa hakulitaka. Kwa wiki tano baraza linalojiita kubwa kuliko yote ya mjadala duniani lilijificha nyuma ya kalamu ya mtu mmoja.

Trump mwenyewe alikuwa amefichua namna alivyowaona wanaoumia. Tarehe 27 Desemba aliandika kwamba wengi wa wasiolipwa ni Wademokrati. Iwe kweli au uongo, ni kauli ya ajabu kwa mwajiri. Mtumishi wa umma alihesabiwa kwanza kama kura, na kura ya upande wa pili haina njaa.

Kura za maoni za mwezi ule zilionyesha zaidi ya nusu ya Wamarekani wakimlaumu Rais na chama chake, na chini ya theluthi wakiwalaumu Wademokrati. Mtu angedhani hapo uwajibikaji umefanya kazi. Tazama lakini kilichotokea 2013: Republican walilaumiwa vilevile, umaarufu wao ukaporomoka, na Novemba 2014 wakanyakua viti tisa vya Seneti pamoja na wingi wa baraza hilo. Mwaka ni muda mrefu katika kumbukumbu ya mpiga kura, na wabunge wengi wanatoka majimbo ambayo chama kimoja hakishindwi kamwe. Wanachoogopa ni mpinzani wa ndani ya chama atakayewaita wasaliti kwa kukubaliana.

Waongoza ndege kumi

Tarehe 24 Januari Seneti hatimaye ilipiga kura mbili. Mpango wa Rais ulipata 50 dhidi ya 47. Muswada wa kufungua ofisi bila ukuta ulipata 52 dhidi ya 44, Warepublican sita wakiwa wamevuka. Hakuna uliofika 60. Tafsiri yake ni kwamba mpango wa wapinzani ulipata kura nyingi kuliko wa Rais, ndani ya baraza la chama cha Rais. Bado milango ilikuwa imefungwa.

Kesho yake, Ijumaa, mshahara wa pili ulikosekana. Asubuhi hiyo, kwenye vituo viwili vya kuongozea ndege, kimoja Virginia karibu na Washington na kingine Jacksonville, Florida, waongoza ndege kadhaa walitoa taarifa kwamba wanaumwa. Taarifa za siku ile ziliwahesabu kumi hivi. Kumi tu, katika nchi yenye maelfu yao. Karibu saa nne asubuhi, mamlaka ya anga ilizuia kwa muda ndege zinazokwenda LaGuardia, New York. Ucheleweshaji ukasambaa hadi Newark na Philadelphia.

Chama chao kilikanusha kwamba kimepanga chochote, na lazima kingekanusha. Watumishi wa serikali ya Marekani hawaruhusiwi kugoma. Mwaka 1981 waongoza ndege waligoma, na Reagan, yuleyule wa neno kuhusu serikali na tatizo, akawafukuza zaidi ya 11,000. Kila mwongoza ndege anaijua hadithi hiyo kabla ya kujifunza rada. Kwa hiyo iwe ni mafua, msongo, au kile ambacho Mtanzania angekiita mgomo baridi, hakuna atakayethibitisha. Siku chache kabla, kiongozi wa chama cha wahudumu wa ndege, Sara Nelson, alikuwa amewataka viongozi wenzake wazungumzie mgomo wa jumla wa nchi nzima, neno ambalo vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilikuwa karibu vimelisahau.

Mchana uleule Trump alisimama kwenye bustani ya Ikulu akatangaza kufungua serikali kwa wiki tatu. Bila ukuta.

Siwezi kudai kwamba waongoza ndege peke yao walimaliza kila kitu. Kura ya jana yake ilikuwa imeonyesha Seneti inavuja, na mkuu wa FBI alikuwa amewaambia watu wake kwamba hajawahi kukasirika hivyo kwa muda mrefu. Ila linganisha mwendo. Wiki tano za hoja kuhusu mamlaka ya taifa, maadili na matakwa ya wapiga kura hazikusogeza chochote. Saa chache za ndege kutua kwa kuchelewa New York, mji wa wenye fedha na vyombo vya habari, zikasogeza. Familia ya mlinzi wa gereza huko Alabama iliyokosa kodi ya nyumba haikuwa na rada ya kuzima.

Hesabu baada ya sherehe

Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 11, na 3 kati yake hazitarudi kamwe. Sheria iliyosainiwa tarehe 16 Januari iliahidi kwamba watumishi watalipwa malimbikizo yote, safari hii na safari zijazo. Ni haki. Maana yake pia ni kwamba chama kinachotaka serikali ndogo kilisaidia kulipa mamia ya maelfu ya watu kwa siku ambazo walikatazwa kufanya kazi.

Februari Bunge lilitoa dola bilioni 1.375 kwa maili 55 za uzio. Seneti ilikuwa na muswada wa bilioni 1.6 mezani kabla ya mambo yote haya. Rais alisaini, na siku hiyohiyo, tarehe 15 Februari, akatangaza hali ya dharura ya kitaifa ili achukue fedha kwingine. Mabaraza yote mawili yalipinga, Seneti kwa kura 59 dhidi ya 41, Warepublican 12 wakiwa miongoni mwa waliopinga. Rais akatumia veto, ya kwanza ya urais wake, na theluthi mbili za kuivunja hazikupatikana. Julai Mahakama ya Juu ya nchi, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliruhusu matumizi ya bilioni 2.5 za Wizara ya Ulinzi wakati kesi ikiendelea.

Mpaka hapo, chombo ambacho katiba inakipa mkoba wa fedha kilikuwa kimekataa mara mbili, na fedha zilitoka. Septemba ziliongezwa bilioni 3.6 kutoka miradi 127 ya ujenzi wa kijeshi. Mmoja wa miradi iliyosimamishwa ulikuwa shule ya watoto wa wanajeshi pale Fort Campbell, Kentucky, ya zaidi ya dola milioni 60. Kentucky ni jimbo la McConnell. Alipiga kura ya kuunga mkono dharura. Mwaka 2020 wapiga kura wake walimrudisha kwa kishindo.

Mwaka 2025 zamu iligeuka. Wademokrati ndio waliokataa kura zao katika Seneti, wakidai ruzuku za bima ya afya ziongezwe muda, na ofisi zikafungwa kwa siku 43. Rekodi ya Trump ya 2019 ilivunjwa chini ya Trump huyohuyo. Na mara hii pia, walioanza kukosekana kazini hadi safari zikapunguzwa kwenye viwanja 40 vikubwa walikuwa waongoza ndege.

Kuna kundi moja sijalitaja. Wafagiaji wa makumbusho, wapishi wa kantini, walinzi wa milangoni katika majengo ya serikali wengi wao si watumishi wa serikali. Wameajiriwa na kampuni za zabuni, kwa ujira wa saa. Sheria ya malimbikizo haikuwagusa. Miswada ya kuwafidia kwa siku zile 35 ilipelekwa bungeni, na haikupita. Walirudi tarehe 28 Januari, Jumatatu, wakakuta wiki tano za vumbi.